Maktaba za Vijiji Zataka Walezi

Tangu siku za kudai Uhuru tumefundishana kwamba nchi yetu ina maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Hakuna mwanachama asiyeweza kuwataja. Lakini twaona kwamba vita dhidi ya adui wa kwanza tumeviacha mikononi mwa shule peke yake. Mtoto akiingia darasani twasema yuko vitani. Kengele ikilia akarudi nyumbani kusiko na hata kitabu kimoja, hatuulizi atapigana kwa silaha gani mpaka kesho asubuhi. Na akiisha kumaliza shule akarudi shambani au ziwani, hatuulizi kabisa.

Leo twataka kusema habari ya silaha hiyo, nayo ni maktaba ya kijiji. Twasema na wananchi wote wa Mkoa wa Mara, hasa wa Musoma, Bunda na Butiama, walioko nyumbani na walioko mbali. Na katika hao twasema zaidi na wale ambao Mungu amewajalia, kwa jasho lao, kupata kuliko mahitaji yao.

ZIADA NI NINI

Mtu akiisha kula akashiba, akavaa, akalala mahali pakavu, akasomesha watoto, akatunza wazee wake na kuweka akiba ya siku ya ugonjwa, kinachobaki ni ziada. Hatusemi kwamba ziada ni dhambi. Mvuvi wa Musoma mwenye mitumbwi mitano hakuiokota ufukweni. Mkulima wa pamba wa Bunda aliyeezeka nyumba yake kwa bati alilima kwanza. Mchimbaji wa Buhemba aliyepata dhahabu aliingia shimoni kwa miguu yake mwenyewe.

Lakini hakuna hata mmoja wao aliyepata peke yake. Mvuvi alivua katika ziwa ambalo si lake. Mfanyabiashara alipitisha mizigo yake katika barabara iliyojengwa kwa kodi ya wote. Na msomi aliyeko Dar es Salaam, Mwanza au Ulaya alisomeshwa kwa fedha za wakulima, ambao wengi wao hawakupata hata kuona mlango wa darasa. Kwa hiyo ndani ya ziada ya kila mtu mna deni, na mdai wake ni kijiji.

Wako wanaosema ati watu wetu hawana desturi ya kuchangia mambo ya maana. Huo ni uongo. Nani asiyezijua kamati za harusi? Kadi hupita kutoka mkono hadi mkono, ahadi huandikwa, katibu hupiga simu usiku na mchana, na baada ya majuma machache mamilioni ya shilingi yamepatikana. Ukumbi hupambwa, watu hula na kucheza, na saa sita za usiku kazi imekwisha. Hatuzilaumu harusi, maana furaha ni haki ya binadamu. Twasema hivi tu: watu wanaoweza kukusanya mamilioni kwa ajili ya usiku mmoja hawawezi kudai kwamba wameshindwa kukusanya sehemu ya kumi yake kwa ajili ya kabati la vitabu litakalodumu miaka 20. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Wala hatusemi jambo jipya. Mwaka 1966, Rais Nyerere alipoona kwamba mishahara ya wakubwa imekuwa mikubwa mno mbele ya wakulima waliokuwa wakiilipa, alianza kwa kukata mshahara wake mwenyewe kwa 20 kwa mia. Miezi michache baadaye, mwezi wa Februari 1967, Azimio la Arusha likaweka miiko ya viongozi. Mambo mengi yamebadilika tangu siku hizo, na miiko yenyewe imelegezwa. Lakini swali lililoulizwa wakati ule bado liko mlangoni kwetu: mwenye kupata kingi ana wajibu gani kwa wale waliompa nafasi ya kupata?

MFANO WA BUTIAMA

Mwaka 1934 mtoto wa miaka 12 alitoka Butiama kwenda kuanza shule Mwisenge, mjini Musoma, mwendo wa yapata kilomita 40. Jina lake liliandikwa katika daftari la shule, akajifunza kusoma. Kutoka hapo alikwenda Tabora, kisha Makerere, kisha Edinburgh. Akarudi kuwa mwalimu, akaongoza TANU tangu mwaka 1954, akaongoza nchi. Na katikati ya kazi za Urais alipata wakati wa kumfasiri Shakespeare kwa Kiswahili, ili mtu asiyejua Kiingereza asome Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi kwa lugha anayoijua.

Alipostaafu Urais mwaka 1985 alirudi Butiama kulima na kusoma. Nyumbani kwake Mwitongo palikuwa na maktaba ya maelfu ya vitabu. Wakubwa wengi duniani huacha majumba na fedha katika mabenki ya nchi za watu. Huyu aliacha shamba na vitabu. Wageni wanaokwenda Butiama kulizuru kaburi lake, na makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999, hustaajabia jambo hilo. Nasi wenyeji twajivunia.

Lakini kujivunia hakumsomeshi mtoto. Tujiulize: mtoto wa miaka 12 wa leo, katika kijiji cha Butiama ndani au cha Bunda kando ya ziwa, ataazima wapi kitabu cha hadithi? Mjini Musoma iko maktaba ya mkoa, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na tunamshauri kila mwenye nafasi aende akaitumie. Lakini mtoto wa Kisorya atapata wapi nauli ya kufika Musoma na kurudi, tena mara mbili, siku ya kuazima na siku ya kurudisha? Maktaba iliyo mbali na miguu ya mtoto haimfai mtoto huyo. Si ajabu kumkuta kijana aliyemaliza darasa la saba ambaye kitabu pekee alichopata kukishika ni cha darasani, tena kwa zamu, wao watatu au wanne juu ya kitabu kimoja.  Ada zilipoondolewa katika shule za Serikali mwaka 2016, watoto walimiminika shuleni. Ni jambo jema sana. Lakini madawati yakijaa, vitabu hugawanywa kwa watu wengi zaidi, na kiu ya kusoma huzidi.

MOTO ULIOWASHWA UKAKOSA KUNI

Mkoa wetu una historia katika jambo hili, na yafaa vijana waijue. Mwaka 1968 ulianzishwa katika mikoa ya Ziwa, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima uliosaidiwa na UNESCO. Watu hawakufundishwa herufi tupu. Walifundishwa kusoma kwa kutumia kazi yao: mkulima kwa pamba yake, mvuvi kwa nyavu zake, mfugaji kwa ng'ombe wake. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima nchini kote. Wazee wenye mvi wakakaa chini ya miembe na ubao, na kina mama wakaja na watoto mgongoni.

Waliobuni kazi hiyo walijua kwamba mtu aliyejifunza kusoma asipopata cha kusoma husahau, kama jembe lisilotumiwa linavyoshika kutu. Kwa hiyo katika miaka ya 1970 zikafunguliwa maktaba za vijijini katika kata nyingi, na Mwanza likatolewa gazeti la wasomaji wapya lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Mwaka 1986 hesabu za Serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa chini ya 10 kwa mia. Dunia ilitustaajabia.

Kisha nini? Miaka ya shida ikaja. Fedha za Serikali zikapungua, karatasi ikawa adimu, magazeti ya vijijini yakazimika. Vitabu vilivyochakaa havikupata vingine vya kuchukua nafasi zao. Mahali pengine chumba cha maktaba kiligeuzwa ghala, pengine mchwa walisoma kuliko watu. Sensa ya mwaka 2002 ikakuta kwamba karibu watu 3 katika kila 10 wenye umri wa miaka 15 na zaidi hawajui kusoma.

Hili ndilo fundisho kubwa tunalotaka msomaji alishike. Maktaba za vijiji hazikufa kwa kukosa watu wa kuzifungua. Kufungua ni rahisi: hukatwa utepe, hupigwa picha, husemwa hotuba. Zilikufa kwa kukosa mtu wa kuzilisha mwaka wa pili, wa tatu na wa kumi. Maktaba ni kama ng'ombe. Anayemnunua husifiwa siku moja, lakini maziwa hutoka kwa anayemchunga kila siku.

WENZETU WALIFANYAJE

Tutazame nje kidogo, si kwa kuiga, bali kwa kujifunza. Andrew Carnegie alizaliwa Dunfermline, Scotland, mwaka 1835, mtoto wa mfumaji maskini. Wazazi wake walihamia Marekani mwaka 1848, naye akaanza kazi kiwandani akiwa mtoto. Hakuwa na fedha ya vitabu. Lakini mzee mmoja wa mji ule, James Anderson, alikuwa na vitabu yapata 400 nyumbani kwake, na kila Jumamosi aliwafungulia vijana wa kazi mlango waazime. Carnegie alikuja kuwa tajiri mkubwa wa chuma, na hakuyasahau makabati yale. Kati ya mwaka 1883 na 1929 fedha zake zilijenga maktaba 2,509 katika nchi mbalimbali.

Yafaa tuangalie sharti aliloliweka. Mji uliotaka maktaba ulitakiwa kutoa kiwanja, na kuahidi kutenga kila mwaka fedha za kuitunza, kiasi cha 10 kwa mia ya gharama ya jengo. Mji usiokubali haukupata. Alijua kwamba kitu cha bure kisicho na mwenyewe huoza.

Lakini sisi hatumwimbii bepari nyimbo. Mwaka 1892, katika kiwanda chake cha Homestead, wafanyakazi walipokataa kukatwa mishahara walifungiwa nje, zikapigwa risasi, na watu wapatao 10 wakafa. Baadaye mji ule nao ukapewa maktaba. Mfanyakazi anayemaliza saa 12 mbele ya tanuri ya chuma atakwenda kusoma saa ngapi? Kwa hiyo twasema: maktaba haimsafishi mnyonyaji. Anayepunja wavuvi bei ya samaki, au anayekula fedha za halmashauri, asije kesho na katoni la vitabu akitaka apigiwe makofi. Kwanza alipe haki za watu, kisha atoe katika kilicho chake kweli.

Tukirudi karibu, Nairobi iko maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. Ni jengo la fahari, lenye nguzo za mawe. Lakini kwa miaka mingi, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950, Mwafrika aliyelipia mji ule kwa jasho lake hakuruhusiwa kuingia kusoma. Hiyo ilikuwa maktaba ya wachache wenye shibe. Katika miaka ya karibuni wananchi wa Kenya wenyewe, kwa shirika lao la Book Bunk pamoja na serikali ya jiji, wameshika kazi ya kuifufua, wakafufua pia maktaba za mitaa ya Kaloleni na Makadara wanakokaa watu wa kawaida. Mlango uliokuwa umefungwa sasa watoto wa makabwela huingia wakitaka.

Na Uganda, katika kijiji cha Kitengesa karibu na Masaka, maktaba ilianza mwaka 1999 kwa sanduku la vitabu katika shule ya sekondari. Marafiki wa nje walisaidia, lakini kijiji kilishika usukani. Wanafunzi wasio na uwezo hufanya kazi katika maktaba, kupokea na kutoa vitabu, na kwa kazi hiyo hulipiwa ada. Hapo msaada mmoja umefanya kazi mbili: maktaba imepata mlinzi, na mtoto wa maskini amepata shule. Hakuna aliyepewa sadaka, kila mtu amefanya kazi. Huko ndiko kujitegemea.

HESABU YA WATU MIA

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hotuba bila hesabu ni upepo. Tuseme kijiji kimoja cha Butiama kina wana na binti 100 wenye kipato, waliotawanyika Musoma, Mwanza, Dar es Salaam na nchi za nje. Tuseme kila mmoja atoe shilingi 5,000 kwa mwezi. Kwa mtu mwenye mshahara, hiyo ni bei ya soda chache za Jumamosi. Kwa mwezi zitapatikana shilingi 500,000, kwa mwaka milioni 6.

Katika 500,000 hizo, 250,000 zimlipe kijana wa kijiji, aliyemaliza sekondari, afungue mlango kila siku, aandike daftari, afute vumbi na kuwasomea watoto wadogo. Shilingi 200,000 zinunue vitabu. Kwa bei ya shilingi 10,000 kila kimoja, hivyo ni vitabu 20 kwa mwezi, vitabu 240 kwa mwaka. Zinazobaki 50,000 ziwe za taa ya umeme wa jua, gundi, makufuli na dawa ya mchwa. Baada ya miaka mitano kijiji kitakuwa na vitabu zaidi ya 1,000, na hakuna tajiri hata mmoja aliyeuza gari lake. Haba na haba hujaza kibaba.

Na kijiji kitoe nini? Kitoe chumba, kwanza. Kila kijiji kina ofisi, au ghala la zamani, au darasa lililoachwa. Kitoe nguvu kazi ya kuziba paa na kusakafia. Fundi seremala wa kijiji atengeneze rafu. Mwenye mti atoe mbao. Kisha mkutano mkuu wa kijiji uchague kamati ya maktaba, na wanawake wasipungue nusu, kwani mama ndiye anayejua saa ambayo binti yake anaweza kupumzika jikoni akasome. Kamati isome hesabu mbele ya mkutano huo kila unapokaa, shilingi kwa shilingi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mchangiaji aliyeko Ulaya hatachoka kutoa akiona hesabu. Atachoka mara moja akisikia minong'ono.

VITABU GANI

Jambo jingine ni aina ya vitabu. Wako marafiki wema wa nchi tajiri ambao, wakisikia kijiji cha Afrika hakina vitabu, hufagia makabati yao na kujaza makontena. Twawashukuru kwa nia yao. Lakini ensaiklopidia ya miaka 40 iliyopita, na mwongozo wa kuendesha gari katika theluji, havimsaidii mtoto wa Bunda. Kitabu kisichosomeka huchukua nafasi ya kinachosomeka, kisha watu husema ati Waafrika hawapendi kusoma. Nani atapenda kula sahani iliyojaa mifupa?

Rafiki wa kweli na aulize kwanza: mnataka nini? Na jibu letu liwe tayari. Twataka vitabu vya Kiswahili, vilivyonunuliwa katika maduka na kwa wachapishaji wa hapa hapa, ili fedha ile ile imnufaishe msomaji, mwandishi na mpiga chapa. Twataka Shaaban Robert. Twataka vitabu vya watu wa ziwa letu. Ukisimama Kisorya unapanda kivuko kwenda Ukerewe, na Ukerewe ndiko alikozaliwa Euphrase Kezilahabi, aliyeandika Rosa Mistika mwaka 1971. Huko huko aliishi Mzee Aniceti Kitereza, aliyeandika kwa Kikerewe habari ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaimaliza mwaka 1945. Aliifasiri kwa Kiswahili mwenyewe, na kitabu kikatoka mwaka 1980, baada ya miaka 35. Mwaka uliofuata mzee akafariki. Je, ni haki kwamba kazi ya maisha ya jirani yetu isomwe vyuo vya Ulaya, na mtoto wa ng'ambo ya maji asiijue hata kwa jina?

Twataka pia vitabu vya kazi: magonjwa ya ng'ombe, mbegu za mihogo, uzazi salama, sheria za ardhi za vijiji. Mwananchi anayeweza kuisoma sheria mwenyewe hadanganywi na karani wala dalali. Na gazeti lifike, hata kama limechelewa siku mbili. Mzee akija kusoma gazeti, mjukuu atamfuata, naye atashika kitabu.

UDHURU TUNAOUSIKIA

Udhuru wa kwanza: hiyo ni kazi ya Serikali. Ni kweli, Serikali ina wajibu. Bodi ya maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1967, Mwalimu mwenyewe aliifungua Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam. Madiwani na wabunge wetu waulizwe, tena waulizwe kwa nguvu, halmashauri imetenga shilingi ngapi kwa vitabu. Lakini kuidai Serikali hakutuzuii kufanya letu. Shule nyingi za sekondari za kata zilianza kwa wananchi kubeba mawe na mchanga kichwani, na Serikali ikaja kuezeka. Aliyekwisha kuinua kuta hudai bati kwa sauti kubwa kuliko aliyekaa kivulini.

Udhuru wa pili: siku hizi simu ina kila kitu. Simu ni chombo kizuri, na maktaba yenye umeme wa jua iwe na kompyuta yake ikiwezekana. Lakini simu ya nyumbani ni ya nani? Ni ya baba, naye yuko nayo mnadani. Bando ni la nani? Ni la mwenye fedha. Mtoto wa darasa la tatu hana simu wala bando, lakini ana macho na mikono miwili. Kitabu hakiishiwi chaji. Kitabu kimoja husomwa na watoto 50 kwa mwaka, na wa hamsini hulipa sawa na wa kwanza, yaani hakulipa kitu.

Udhuru wa tatu ndio unaotuudhi: watu wa kijijini wataviiba vitabu. Baadhi vitapotea, ndiyo. Hata vya vyuo vikuu hupotea. Lakini kitabu kilichopotea mikononi mwa msomaji kimepotelea pazuri kuliko kitabu kilichofungiwa kabatini na ufunguo kubaki kwa mwalimu mkuu, kisubiri mkaguzi aje akione kingali kipya. Maktaba ambayo vitabu vyake havichakai ni maktaba iliyokufa.

NENO KWA WANACHAMA

Kwa hiyo twawataka wanachama wafanye mambo haya. Kila tawi liulize katika mkutano wake ujao: kijiji chetu kina maktaba? Kama ipo, inafunguliwa saa ngapi, na nani humlipa anayeifungua? Kama ilikuwapo miaka ya 1970 ikafa, chumba chake kiko wapi, na nani anakaa humo? Kama haijawahi kuwapo, nani atatoa chumba? Majibu yaandikwe. Kisha orodha ya wana na binti wa kijiji walioko nje iandikwe, wapigiwe simu, kila mmoja, kama kamati za harusi zinavyojua kupiga simu.

Nawe Ndugu uliyejaliwa, twakuomba usingoje kuwa tajiri wa kujenga jumba lenye jina lako. Jina likiandikwa ukutani, mvua hulifuta. Chagua kijiji chako, chagua kiasi usichoweza kukikosa, kisha kitoe kila mwezi bila kukumbushwa. Usilete vitabu ulivyochoka navyo. Leta fedha ya vitabu vinavyotakiwa. Usiulize picha yako itatundikwa wapi. Uliza mwezi huu wameazima watoto wangapi. Na ukija likizo, kabla hujafika kilabuni, pita maktaba, keti na watoto, soma nao ukurasa mmoja.

Mzee Anderson alifungua mlango wake siku ya Jumamosi. Hakujua ni mtoto gani kati ya wale angekuja kuwa nani, wala hakuuliza. Mkoa wa Mara nao ulimtoa mtoto mmoja, kwa sababu mwaka 1934 palikuwa na shule moja ya kumpokea. Hatujui leo ni wangapi wa namna ile wanaochunga ng'ombe Butiama, wanaoanika dagaa Musoma, wanaopalilia pamba Bunda, wasiojua kwamba akili zao zina njaa kwa sababu hawajapata kuonja chakula chake. Hatutawajua mpaka tuwawekee vitabu mbele yao.

Maadui ni watatu, na huyu wa kwanza ndiye anayewalea wale wawili. Silaha ya kumpiga inauzwa dukani, bei yake twaijua, na wenye uwezo wa kuinunua wamo kati yetu. Na tuinunue mwezi huu, na mwezi ujao, na mwezi unaofuata.